Biskuti za mbwa: geuza pakiti, shika kalamu

Biskuti nyekundu zenye umbo la mfupa, nyingine za kijani, picha ya pande la nyama linalofuka mvuke na neno "asilia" kwa herufi kubwa: vyote hivyo vimewekwa kumshawishi mtu anayelipa. Mbwa huona vizuri buluu na njano, ila nyekundu na kijani humchanganya. Umbo la mfupa halimhusu hata kidogo. Ulimi wake una vinundu vya ladha kama 1,700 hivi, wa binadamu una takriban 9,000, kwa hiyo yeye huamua kwa pua kwanza. Mwenye mbwa anayetaka kujua anamlisha nini mnyama wake itabidi ageuze pakiti, asome maandishi madogo ya nyuma, kisha ashike kalamu. Naitaja kalamu makusudi, kwa sababu watu wengi huanza kuuliza biskuti imetengenezwa na nini wakati swali linaloamua afya ya mbwa wengi ni jingine: anakula kiasi gani?

Kanuni inayotumiwa na madaktari wa mifugo sehemu nyingi ni kwamba vitafunwa vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya nishati anayohitaji mbwa. Hesabu hiyo inajumuisha biskuti, vijiti vya kutafuna, kipande cha jibini cha kufichia kidonge, na mabaki yanayodondoshwa mezani "kwa bahati mbaya". Asilimia 90 itoke kwenye chakula chake kamili. Unene ni sababu mojawapo tu. Chakula kamili hupangwa ili protini, mafuta, kalsiamu, fosforasi na vitamini vije kwa uwiano unaomtosha mbwa maisha yake yote, na biskuti haikupangwa hivyo. Ukimpa biskuti nyingi na kumpunguzia chakula ili asinenepe, unavuruga uwiano huo. Usipompunguzia, ananenepa. Hakuna njia ya tatu.

Sasa asilimia 10 ya nini? Hesabu yake inaonekana ya kutisha lakini simu yoyote yenye kikokotoo inaimaliza. Chukua uzito wa mbwa kwa kilo, uzidishe kwa wenyewe mara tatu, kisha bonyeza kipeuo cha pili, halafu kipeuo cha pili tena. Jibu lizidishe kwa 70. Hapo umepata kalori anazotumia akiwa amejilaza tu. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa au kufungwa kizazi, anayeishi maisha ya kawaida, zidisha tena kwa 1.6. Mbwa wa kilo 10: 10 × 10 × 10 ni 1,000, kipeuo ni 31.6, kipeuo tena ni 5.62; mara 70 ni 394; mara 1.6 ni kama 630. Fungu lake la vitafunwa kwa siku ni kalori 63. Mbwa wa kilo 5 anahitaji kama 374 kwa siku, fungu lake ni 37. Wa kilo 30 anahitaji kama 1,436, fungu lake ni 144. Tazama hapo: yule mkubwa ana uzito mara sita wa yule mdogo, lakini fungu lake halifiki hata mara nne. Kwa hiyo anayekadiria kwa macho humkosea yeyote kati yao kwa urahisi. Hesabu hii ni makadirio, na mbwa wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana. Mizani na mbavu zake ndizo zinazosema ukweli. Pitisha viganja ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza.

Upande wa pili wa hesabu ni biskuti yenyewe. Pakiti nyingi huandika kalori kwa kila kipande, na hizo ndizo za kuanzia. Isipoandika, mara nyingi itakuwa na asilimia za protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu (yaani madini), na hizo zinatosha. Tuseme biskuti ina protini 12, mafuta 6, nyuzinyuzi 3, unyevu 10 na majivu 5. Jumla ni 36, kwa hiyo 64 iliyobaki ni wanga. Katika chakula cha mbwa, gramu ya protini au ya wanga huhesabiwa kuwa na kalori 3.5, na gramu ya mafuta 8.5. Protini inatoa 42, mafuta 51, wanga 224: jumla kalori 317 kwa gramu 100. Weka biskuti moja kwenye mizani ya jikoni. Ikiwa na gramu 12, ina kalori 38.

Yaani biskuti moja, ile ndogo ya kawaida ambayo hakuna anayeihesabu kuwa chakula, imemaliza fungu la siku nzima la mbwa wa kilo 5. Nyumba ikiwa na watu wanne, kila mmoja akatoa moja tu akiamini wengine hawajatoa, mbwa huyo amekula kalori 152, kama asilimia 40 ya mahitaji yake ya siku, kabla hajaligusa bakuli. Ni afadhali mara mia mtu mmoja apime asubuhi fungu la siku, aliweke kwenye chombo kimoja, na chombo kikiisha kimeisha.

Uzito ni jambo kubwa hivyo? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador waliwekwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake maisha yao yote. Waliopunguziwa waliishi takriban miaka 1.8 zaidi kwa wastani wa kati, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Sijui kiambato chochote cha ajabu kwenye pakiti yoyote kinachoweza kujigamba hivyo.

Dawa ya tatizo hili ni kisu. Wafunzaji wa mbwa hukata tuzo zao ziwe ndogo kama harage, kwa sababu mbwa anayefunzwa anahitaji kupongezwa mara nyingi, na kipande kidogo kinatosha kumwambia amefanya vyema. Biskuti moja ikivunjwa vipande sita inakuwa pongezi sita kwa kalori zile zile 38. Zaidi ya hapo, kuna vitafunwa ambavyo haviuzwi kwenye pakiti ya mbwa na mara nyingi vinaishinda biskuti. Gramu 100 za tango zina kalori kama 15, za maharage mabichi ya kijani 31, za karoti 41, za tofaa 52, na tofaa litolewe mbegu na kiini chake kigumu. Gramu 12 za karoti ni kalori 5, dhidi ya zile 38. Kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi wala chumvi kina kama 150 kwa gramu 100, na hicho ndicho mbwa wengi watakuacha uwafundishe lolote. Jibini ngumu hufika 400, na kwa kuwa mbwa wazima wengi hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa, ibaki kuwa ya kufichia dawa.

Haya, tuje kwenye orodha ya viambato. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, na uzito huo ni wa kabla ya kuokwa. Nyama mbichi ni maji kwa kama asilimia 70. Ikiandikwa "kuku" mwanzoni na "unga wa ngano" pili, kumbuka kuku yule ameshaacha maji yake mengi ndani ya joko, na kilichobaki mkononi mwako ni biskuti ya ngano yenye kuku kiasi. "Unga wa kuku", ulioshakaushwa, huleta protini nyingi zaidi kwa uzito ule ule ingawa jina lake halivutii. Kuna ujanja mwingine: nafaka moja hugawanywa ikawa unga wa ngano, pumba za ngano na protini ya ngano, kila kimoja kikashuka chini kwenye orodha, nyama ikapanda juu bila kuongezwa hata gramu. Kuhusu viungo vya ndani kama ini, figo na moyo, watu huvikunjia uso. Mimi sioni kwa nini. Mbwa havikunjii, na vina lishe kuliko pande la nyama nyekundu. Tatizo linakuja pale pakiti inaposema "mazao ya wanyama" bila kumtaja mnyama, hasa kwa mbwa mwenye mzio.

Jina la mbele nalo lina sheria zake. Nchini Marekani, majimbo mengi hufuata kanuni za mfano za AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia chakula cha wanyama. Kwa kanuni hizo, bidhaa inayojiita nyama ya ng'ombe moja kwa moja lazima nyama hiyo iwe angalau asilimia 95 ya bidhaa, bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Ikijiita mlo au mapishi ya nyama ya ng'ombe, inatosha asilimia 25. Ikisema "yenye nyama ya ng'ombe", 3 tu. Na ikisema "ladha ya nyama ya ng'ombe", hakuna kiwango. Inatosha ladha iweze kutambulika. Neno moja dogo limeiangusha nyama kutoka 95 hadi karibu na sifuri.

Ngano yenyewe imesingiziwa mengi. Biskuti ya mbwa ilizaliwa kwa mwokaji: katika miaka ya 1860, Mmarekani James Spratt aliyekuwa London aliona mbwa wakila mikate migumu ya mabaharia, akaanza kuuza keki za mbwa za ngano, mboga na nyama. Chapa ya biskuti za mbwa iitwayo Milk-Bone ilifuata New York mwaka 1908. Kibayolojia, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni la AMY2B, linalohusika na kumeng'enya wanga, ilhali mbwa mwitu wa jamii ya mababu zao wana 2 tu. Mbwa amekaa na watu hadi tumbo likabadilika. Kuhusu mzio, mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya mbwa 297 wenye mzio wa chakula yalikuta nyama ya ng'ombe inaongoza kwa asilimia 34, ikifuatwa na maziwa 17, kuku 15, na ngano 13. Kwa maneno mengine, pakiti inayojivunia kutokuwa na nafaka huku imejaa ng'ombe na kuku imemwondoa mtuhumiwa wa nne na kuwaacha watatu wa kwanza. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuchunguza uhusiano kati ya maradhi ya kutanuka kwa moyo na vyakula vya mbwa visivyo na nafaka, vingi vikiwa vimejaa njegere na dengu badala yake. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya kuikimbia nafaka ambayo haimdhuru mbwa wako.

Vihifadhi: mafuta yoyote huchacha, na kitu fulani lazima kiyazuie. Vitamini E, inayoandikwa tokoferoli, ni njia laini. BHA na BHT ni kemikali za viwandani na hudumu zaidi. Etoksikwini, kihifadhi kingine cha viwandani, ilisimamishwa kutumika katika chakula cha wanyama ndani ya Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Zile biskuti laini zinazobonyea huwa laini kwa gliserini au propileni glikoli. Hii ya pili imepigwa marufuku Marekani kwenye chakula cha paka kwa sababu huharibu chembe zao nyekundu za damu, ila kwa mbwa inaruhusiwa. Ningechagua pakiti isiyo nayo, kwa kuwa zipo tele, bila kumwita anayeitumia mtia sumu. Ukichagua vihifadhi laini, nunua pakiti ndogo, kwani haitakaa sana baada ya kufunguliwa.

Sumu za kweli ziko kwenye kabati la chakula cha watu, na ndiyo maana biskuti za binadamu si biskuti za mbwa hata zikiwa kavu na hazina krimu. Inayoogopesha kuliko zote ni zailitoli, utamu unaowekwa kwenye vyakula "visivyo na sukari" na ambao pakiti huuandika xylitol, E967 au sukari ya mti wa mbetula. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa, kongosho huidhania sukari na kumwaga insulini nyingi kwa mkupuo; sukari ya damu huporomoka, mara nyingi ndani ya dakika 30 hadi 60, mbwa akaanza kuyumba, kutapika, hata kupata degedege. Kiasi cha gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kinatosha kuleta hayo, na kuanzia gramu 0.5 kwa kilo ini linaweza kufa. Mbwa wa kilo 5 anafikia kiwango cha kwanza kwa nusu gramu, na kipande kimoja cha chingamu kinaweza kuwa na robo gramu hadi gramu nzima. Mtego mkubwa ni siagi ya karanga, kitafunwa kinachopendwa na mbwa kote duniani: baadhi ya chapa huitia zailitoli. Soma kopo kila unaponunua, hata la chapa uliyoizoea.

Zabibu, mbichi au kavu, huua figo, na hakuna kiwango kinachoaminika kuwa salama. Tangu mwaka 2021 watafiti wamekuwa wakiishuku asidi ya tartariki, baada ya mbwa kuugua vivyo hivyo kwa krimu ya tartari (unga mchachu wa kuokea) na kwa ukwaju. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole, nusu yake ikichukua kama saa 17. Dalili nyepesi huanza karibu miligramu 20 kwa kilo, na chokoleti nyeusi inaweza kuwa na miligramu 5 au zaidi katika kila gramu. Vitunguu maji na vitunguu saumu hupasua chembe nyekundu za damu, na unga wake ni mkali kuliko kitunguu kibichi, jambo la kukumbuka kwa yeyote anayetaka kummwagia mbwa supu ya mchemraba juu ya biskuti. Karanga za makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Akila chochote kati ya hivi, mpigie daktari wa mifugo papo hapo ukiwa na pakiti mkononi na uzito wa mbwa kichwani. Usisubiri dalili, wala usimtapishe kwa chumvi.

Nyama iliyokaushwa ilipata sifa mbaya kwa haki. Kuanzia mwaka 2007 hadi mwisho wa 2015, FDA ilipokea malalamiko kama 5,200 kuhusu vipande vya nyama ya kuku, bata au viazi vitamu vilivyokaushwa, vingi vikitoka China, yakihusisha zaidi ya mbwa 6,200 na vifo zaidi ya 1,140. Baadhi walipata kasoro ya figo iitwayo Fanconi. Chanzo hakikupatikana kamwe. Masikio ya nguruwe nayo yalihusishwa mwaka 2019 na salmonela iliyowaumiza watu 154 katika majimbo 34 ya Marekani. Hao ni watu, wengi wao wakiwa wamegusa tu masikio hayo au mbwa waliokuwa wakiyatafuna. Nawa mikono baada ya kutoa kitafunwa cha mnyama, na usimwachie mtoto mdogo kazi hiyo.

Je, biskuti ngumu husafisha meno? Kidogo mno. Jino likiigusa tu, inavunjika nchani, wakati utando wenye madhara uko chini kwenye fizi. Bidhaa zilizopimwa na kuonekana kupunguza utando au ukoga hupewa alama ya VOHC, baraza la afya ya kinywa cha wanyama, na hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye pakiti inayoahidi meno. Vitu vigumu mno ni hatari ya upande wa pili: pembe za paa, kwato na mifupa hupasua jino kubwa la juu la kutafunia. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Kisipoacha alama, ni kigumu mno. Mifupa iliyopikwa ndiyo mibaya zaidi, huchanika kuwa vijiti vikali. Ngozi mbichi iliyokunjwa huvimba tumboni na inaweza kuziba utumbo, hasa kwa mbwa mlafi anayemeza bila kutafuna.

Kuoka nyumbani kunawezekana na ni rahisi: unga wa shayiri, boga lililopondwa, yai, moto mdogo hadi zikauke kabisa. Usitie chumvi, sukari wala kungumanga, na donge lenye hamira lisifikiwe na mbwa kamwe, maana huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Tazama nafaka na karanga zako: zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuokwa. Biskuti isiyokauka vizuri ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku chache.

Mbwa mgonjwa ana orodha yake. Aliyewahi kuugua kongosho aepushwe na mafuta, hata ya siku moja ya sherehe. Mwenye moyo dhaifu aepushwe na chumvi, ambayo jibini na soseji zimejaa. Mwenye kisukari anahitaji kitafunwa kwa saa na kiasi kile kile kila siku. Na anayechunguzwa mzio kwa kupewa aina moja tu ya chakula kwa wiki 8 asipewe kitu kingine chochote, maana kipande kimoja cha biskuti ya kuku kinaweza kurudisha uchunguzi wote mwanzo. Kwa mbwa huyo tuzo hutoka kwenye chakula kile kile cha uchunguzi: punje zake zikitolewa moja moja mkononi, au kama ni cha kopo, kikikatwa vipande vyembamba na kukaushwa kwenye joko hadi vikakamae.